Hata Mama wa Baharia Hajui

Wazee wengine wa kwetu hapa Sydney wana kisukari, wana presha, wana magoti. Mwalimu alikuwa navyo vyote, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa nyambizi. Ukimuuliza habari ya mwili, atakujibu kwamba mwili upo, halafu atavuta kiti karibu na kukuuliza kama umesikia redioni kwamba Australia inataka nyambizi za nyuklia. Uwe umesikia au hujasikia, ni mamoja, utaelezwa.

Na hapo niliposema "nyambizi za nyuklia" angenikatiza papo hapo. "Mama Furaha, sema vizuri. Zinaendeshwa kwa nyuklia. Hazibebi bomu la nyuklia. Injini ni kitu kimoja, bomu ni kitu kingine." Kwa kosa hilohilo aliwahi kumsimamisha mchungaji katikati ya maombi ya amani. Kanisa zima lilifumbua macho. Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba mpaka mchungaji alipopata tena njia yake.

Alifundisha jiografia huko kwetu Uvira, mji wa kando ya ziwa, kabla ya vita kumtoa, akafundisha tena kambini Tanzania chini ya turubai. Alipofika huku hakuwa na darasa, basi darasa likawa sisi. Alifundisha kwenye chai baada ya ibada, kwenye harusi, kwenye matanga. Ndiyo, hata kwenye matanga! Unakuja kulia na wafiwa, unatoka umejua urefu wa pwani ya Australia.

Siku moja alikuja kwangu Mount Druitt, akamkuta binti yangu Furaha anaosha vyombo huku amenuna. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mwalimu akachukua chupa ya maziwa, akaijaza maji, akaizamisha ndani ya sinki lililojaa povu.

"Furaha, nioneshe iko wapi."

"It's in the sink," Furaha akajibu, maana watoto wetu wanasikia Kiswahili vizuri sana ila mdomo wao uko kwa wazungu.

"Sinki lote? Wapi ndani ya sinki?"

Furaha akachovya mkono, akakosa. Akachovya tena, akagonga bakuli. Mwalimu alifurahi mpaka miwani ikamshuka puani. "Unaona? Unajua ipo, na bado hujui uiogope wapi. Inabidi uogope sinki lote. Sasa fikiria ni bahari!" Maji yalimwagika sakafuni, nikapiga kelele, lakini mtoto alikuwa anacheka, na vyombo vilioshwa vyote.

Hoja zake nilizishika kwa lazima, kama mtu anavyoshika tangazo la redio. Nchi hii ni kisiwa, alisema. Mafuta ya magari yanakuja kwa meli, dawa zinakuja kwa meli. Adui hana haja ya kuja kupigana na watu wa Mount Druitt. Anakaa mbali baharini, anaziba njia, sisi tunabaki tunatazamana. Na nyambizi ya dizeli, tunayo, sawa, lakini kila baada ya muda lazima ipande karibu na juu kuvuta hewa, injini iwake, betri zipate chaji. Hapo ndipo inapoweza kuonekana. Ile ya nyuklia haina shida hiyo. Hewa inaitengeneza kutoka kwenye maji yenyewe, na inakwenda mbali, kwa kasi, bila kuchungulia. "Kinachoirudisha nyumbani ni chakula cha mabaharia kuisha," alikuwa anasema, na alisema hivyo kwa heshima, mkono kifuani.

Aliyempinga kila mara alikuwa fundi mmoja wa magari, Mrundi mwenye gereji Granville, mtu wa maneno.

"Mwalimu, mimi nasubiri nyumba ya serikali tangu nimefika nchi hii," fundi alimwambia siku moja kwenye chai. "Hiyo nyumba yangu nayo ni nyambizi. Ipo, wanasema ipo, lakini hakuna anayejua iko wapi."

Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Mwalimu hakukasirika. Alisubiri tunyamaze, akainua kidole.

"Voilà. Umesema mwenyewe. Nguvu yake ndiyo hiyo. Waziri hajui iko wapi. Mke wa baharia hajui. Hata mama wa baharia hajui!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, na alikuwa na namna ya kuisema, ananyanyua sauti kwenye "mama" halafu anaiachia. Tuliijua, tuliingojea, watoto walikuwa wanaisema pamoja naye. Na kila alipoisema, mke wake, mama mwembamba asiyeongea sana, alikuwa anainuka na kwenda jikoni. Utasikia bomba la maji. Mimi nilidhani amechoka kusikia maneno yaleyale kila wiki, na nilimhurumia, maana hata mimi ningekimbilia jikoni kama angekuwa mume wangu.

Usidhani basi kwamba alipenda maji. Eeh! Kanisa lilipokwenda pikiniki ufukweni, yeye alikaa amevaa viatu na soksi, mgongo kaipa bahari, mpaka saa ya kuondoka. Watoto walimvuta wakashindwa. Wala hakupenda wanajeshi. Hakupenda sare yoyote. Nilikuwa naye kwenye treni tunatoka Doonside, alikokuwa anakaa, kwenda Granville kununua unga na samaki wakavu. Kufika Blacktown wakaingia wakaguzi wa tiketi, vijana wawili wenye adabu zao. Mwalimu akaninong'oneza, "Tushuke." Nikamwambia, Mwalimu, kadi tumegusa, tuko sawa. Akawa ameshashuka. Tulingoja treni nyingine, yeye anatazama ukuta, mimi natazama viatu vyangu. Watu walituona wezi wa nauli. Nilikuwa na hasira naye siku ile, mtu anayetaka nchi nzima ilindwe na jeshi halafu anakimbia kijana mwenye mashine ya kuangalia kadi.

Na kuna jambo alilisema kwa sauti ya chini tu, hakulisema kamwe mbele ya wazungu. Kwamba yale mabomu ya kwanza, yaliyounguza miji ya Wajapani, madini yake mengi yalichimbwa kwetu, Katanga. "Udongo wetu ule, Mama Furaha. Hatukuulizwa." Alikuwa anaona haya nayo kana kwamba ni yeye aliyebeba jembe. Ukimuuliza sasa kwa nini anapenda vitu vinavyoendeshwa kwa udongo huohuo, anakunywa chai.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyekielewa ni uwanja wa ndege. Mtu huyu aliyechukia umati na sare alikuwa haachi kwenda kupokea wageni. Familia yoyote ya kwetu ikifika kutoka kambini, Burundi, Tanzania, Uganda, popote, Mwalimu yupo pale mlangoni amevaa koti. Anawashika mikono vijana wa kiume, anaishika muda mrefu, anawatazama usoni, anauliza, "Mlipitia njia gani?" Wao wamechoka, wanataka kulala, yeye anauliza njia. Tulisema ni jiografia hiyo, imemkaa kichwani.

Bon. Furaha alimaliza shule, akafanya kazi kidogo kwenye ghala la vifurushi, halafu jioni moja akaniambia ananiletea habari nzuri.

"Mum, I got in. Navy. I want submarines."

 Kwetu mwanajeshi ni mtu anayekuja kwako na unajificha. Mimi mwenyewe nimelala kwenye majani kwa ajili ya wanajeshi, wetu na wa wengine, na hakuna aliyeweza kuniambia nani ni nani. Sasa mwanangu avae zile nguo? Niliona aibu hata kuwaza nitawaambiaje akina mama wa kanisa. Niliwaza nimwite muuguzi tu, niseme amekwenda kusomea uuguzi.

Nikapanda treni mpaka Doonside kumgombeza Mwalimu. Niliingia na maneno nimeyapanga: wewe ndiye uliyempandikiza mtoto upuuzi huu kwenye sinki langu! Sikupata nafasi. Aliposikia, machozi yalimtoka. Alisimama, akakaa, akasimama. "Mwanafunzi wangu," alisema. "Mwanafunzi wangu mmoja amesikia." Halafu akasema atamkabidhi yeye mwenyewe, na mimi, basi, hasira yangu ikabaki haina pa kukaa. Mke wake alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Akaenda jikoni.

Hapo kwenye kukabidhi ndipo tulipokosea. Kwetu mtoto haondoki nyumbani mwenyewe na begi lake kama mgeni. Anakabidhiwa. Mzee anamshika mkono, anauweka mkononi mwa yule anayempokea, anasema tunakupa akiwa mzima. Na yule anayepokea lazima ajibu, atalala wapi, atakula nini, nani atakuwa mama yake huko. Ndivyo tunavyofanya kwa bibi harusi, ndivyo tunavyofanya kwa mtoto wa bweni. Tulipoambiwa kwamba kuna shughuli ya kula kiapo Parramatta na jamaa wanakaribishwa, nani angefikiri kwamba jamaa maana yake ni mzazi na ndugu mmoja? Tulikwenda kanisa zima. Tulikwenda na masufuria ya wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na akina mama wamevaa vitenge vya sare, na ngoma moja.

Ukumbi ulikuwa mdogo wenye viti vya kuhesabika. Mlinzi aliomba masufuria yabaki kwenye korido. Jamaa wa wengine walikuwa wamekaa wawili wawili, kimya, wameshika simu za kupigia picha. Akina mama wetu walisimama ukutani. Furaha alitugeukia, nikaona masikio yake yamewaka. Najua sura ile. Ni sura ya mtoto anayempenda mama yake na kumwomba Mungu mama huyohuyo apotee.

Kiapo kiliisha vizuri. Watu walianza kuinuka. Mwalimu akapita mbele, bila kuitwa, akamshika Furaha mkono, akamkabili afisa aliyekuwa anaongoza shughuli, mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye uso mwema. Akaanza kukabidhi, kwa Kiingereza chake cha kupimapima. Alisema sisi ni watu tuliokuja bila kitu na nchi hii ikatupokea, leo tunaipa mtoto akiwa mzima. Nchi inayozungukwa na maji, alisema, inalindwa na kile ambacho adui hawezi kukiona. Afisa alisikiliza, hakuangalia saa hata mara moja, Mungu ambariki. Halafu Mwalimu akauliza swali la desturi: mtoto wetu atakaa wapi?

Afisa alimjibu kwamba kwanza atakwenda chuoni, jimbo la Victoria, na huko ataweza kupiga simu. Halafu akatabasamu, akanitazama mimi, maana alishajua mama ni mimi.

"Akishaingia kwenye nyambizi, bwana, hata mama yake hatajua."

Ukumbi ukacheka, cheko la upole tu. Na sisi wa ukutani tulicheka zaidi ya wote. Si ilikuwa kauli yetu? Fundi wa Granville alipiga makofi. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anatakiwa sasa auweke mkono wa Furaha kwenye mkono wa afisa, na afisa alikuwa ameshanyoosha wake, kapewa ishara na mtu. Mwalimu hakuuweka. Alibaki ameushika. Cheko likaisha, yeye bado ameushika.

"Mwalimu," Furaha akanong'ona, "you can let go now."

Hakuachia. Nilitaka sakafu ipasuke. Wazungu walianza kutazamana. Hapo ndipo mke wake alipotoka nyuma, akapita katikati ya viti, hakumtazama mtu, akaanza kuvifungua vidole vya mumewe taratibu, mpaka mkono wa mtoto ukawa huru. Akamshika Mwalimu, wakatoka wote wawili. Walipita kwenye masufuria yetu bila kuaga.

Baada ya siku ile Mwalimu hakuja tena kanisani. Wengine walisema ameudhika kwa sababu watu walicheka Kiingereza chake. Fundi alikwenda kumwomba radhi kwa yale makofi, akarudi, akasema tu kwamba Mwalimu amempa chai. Familia mpya ilifika kutoka Burundi, na kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege ulikuwa hauna Mwalimu. Mimi sikwenda kumwona. Nilikuwa bado nasikia mkono wa mwanangu umeshikwa mbele ya watu, nikasema acha nikae mbali naye kidogo.

Furaha alimaliza chuo, akachaguliwa huko alikotaka, wakampeleka magharibi, mbali. Nyambizi yake ni ya dizeli, zile mpya bado hazijafika. Akanipigia siku moja, sauti imejaa furaha kama jina lake.

"Mum, I'll be off for a while. Don't freak out."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"You know I can't say."

"Kurudi je?"

"Mum."

Nikamwambia ukifika upige simu. Tumezoea kusema hivyo, hata mtu akienda dukani. Yeye akacheka. Halafu simu yake ikanyamaza. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kazini kwenye nyumba ya wazee, nilikuwa namwandikia. Ujumbe unabaki na alama moja tu, haufiki. Nikiwa nawaogesha wazee wa watu, nawaza dizeli. Mwalimu alinifundisha vizuri mno. Najua kwamba lazima ipande kuvuta hewa. Najua kwamba ikipanda inaweza kuonekana. Akina mama wengine wanajua tu kwamba mtoto yuko kazini. Mimi ninayejua, nilianza kufuatilia habari za zile za nyuklia kama yeye, nazisubiri, naomba zije upesi. Nimewahi kushtuka katikati ya maombi nikagundua naiombea nchi mtambo. Jamani, mimi!

Ndipo nikarudi Doonside.

Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua, shati linamning'inia. Mke wake alikuwa amekaa kwenye sofa anachambua maharage kwenye ungo mapajani, akaniitikia kwa kichwa. Redio haikuwepo mahali pake. Nikakaa kiti cha mlangoni, sikungoja kuulizwa.

"Mwalimu, mtoto wangu yuko ndani ya ile ya dizeli. Ulinifundisha lazima ipande juu. Sasa hiyo elimu yako niifanye nini?"

 Nilidhani atanieleza kitu cha betri.

"Tulikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Wakati wa kuvuka ziwa, mitumbwi ilikuwa mingi, watu wanasukumana. Nilimpandisha kwenye mmoja, nikamwambia tutakutana ng'ambo. Nilimkabidhi kwa watu nisiowajua. Sikuuliza wanashukia wapi. Mwalimu wa jiografia! Sikuuliza."

Mke wake aliendelea na maharage.

"Hatujui," Mwalimu akasema. "Mpaka leo hatujui. Na mimi nikasoma habari za hizi nyambizi, nikaona, kumbe kuna kitu kinaweza kupotea kabisa na bado kipo. Kiko chini, kimya, watu ndani wanapumua, wanakula. Hakionekani kwa sababu ni kizima. Nilipenda kufikiri hivyo. Nikazungumza, nikazungumza, mkacheka, nikaona raha mnavyocheka. Mama wa baharia hajui! Nimewafundisha watoto kulicheka hilo, na mama mwenyewe anasikia, anainuka kwenda jikoni."

"Na zile hoja?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. "Za kulinda nchi. Zilikuwa uongo?"

"Hapana. Ni kweli zote. Ningesimama leo ningezisema vilevile." Alijifuta uso na kiganja. "Hiyo ndiyo aibu yangu, Mama Furaha. Ni kweli, na sikuwahi kuhesabu ni nani anayekaa nyumbani bila kujua."

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Niliwaza kicheko changu cha ukumbini. Niliwaza miaka yote niliyosikia bomba la maji jikoni kwa watu, nikidhani ni mama aliyechoka na mumewe.

Mke wake akaacha maharage. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza jambo kabla ya siku ile.

"Furaha yuko wapi sasa?"

"Sijui, mama," nikasema.

Na neno lilipotoka tu niliona haya, haya ya kunichoma masikio. Maana mwanangu chakula kitaisha huko chini, na atarudi, alama ya pili itatokea kwenye simu, atanililia nimpikie sombe. Nililitumia neno lake yeye, tena mbele yake, na wangu anarudi.

Mama yule hakuonekana kulipima neno langu. Alisogeza ungo, akajivuta upande mmoja wa sofa, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Njoo ukae hapa," akasema.

Nikainuka, nikakaa. Akanisogezea nusu ya ungo mapajani, tukaanza kuchambua. Mwalimu alitutazama kidogo. Halafu akasimama, akaenda jikoni, tukasikia bomba la maji.